Sura ya 6: Kitinda Mimba wa Soketi

Prosesa mbili zimelazwa juu ya meza ya fundi, matumbo juu. Moja ni Ryzen 5 1600 iliyotoka Aprili 2017, nyingine ni Ryzen 5 5600 iliyotoka Aprili 2022. Pini ni zilezile 1,331, zimejipanga vilevile kama meno ya kitana, na kwenye pembe moja ya kila chipu kuna kipembetatu kilekile cha dhahabu kinachoonyesha upande wa kuingilia. Hata karatasi za sifa zinafanana: viini 6 huku, viini 6 kule, nyuzi 12 huku, nyuzi 12 kule, wati 65 kwa wati 65. Asiyezoea mambo haya ataapa kwamba ameuziwa kitu kimoja mara mbili.

Lakini hawa ni ndugu waliopishana miaka mitano. Wa kwanza ni miongoni mwa watoto wa mwanzo wa soketi iitwayo AM4, na wa pili ni miongoni mwa vitinda mimba wake. Kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, kitinda mimba alikuta wazazi wameshajifunza kulea.

Kasi ya juu kabisa ya 1600 ni gigahezi 3.6, ya 5600 ni 4.4. Hapo tu imepatikana zaidi ya asilimia 20. Kubwa zaidi ni kazi inayofanywa katika kila pigo la saa ya prosesa. Kwa hesabu za AMD yenyewe, mtengenezaji wa Ryzen, usanifu wa Zen 2 wa mwaka 2019 uliongeza karibu asilimia 15 juu ya uliotangulia, na Zen 3 wa mwaka 2020 ukaongeza asilimia 19 juu ya hapo. Vyote vikizidishwa pamoja, kiini kimoja cha 5600 kinafanya kazi karibu theluthi mbili zaidi ya kiini kimoja cha 1600. Kisha kuna kashe, ile rafu ndogo ya kumbukumbu iliyomo ndani ya prosesa yenyewe, inayoiepusha na safari ndefu ya kwenda kwenye RAM kila inapohitaji data. Katika 1600 ni megabaiti 16 zilizogawanywa vyumba viwili, viini vitatu chumba hiki na vitatu kile, na wa chumba kimoja akitaka cha mwenzake hupiga hodi. Katika 5600 ukuta umebomolewa: megabaiti 32, chumba kimoja, viini vyote sita.

Bei nayo imekwenda kinyume na umri. Ryzen 5 1600 ilizinduliwa kwa dola 219 za Marekani. Ryzen 5 5600X, mtangulizi wa 5600, ilianza kwa dola 299 mwezi Novemba 2020. Ilipokuja 5600 yenyewe, bei ya kuanzia ilikuwa dola 199, na baadaye maduka ya Marekani yakaishusha hadi kati ya dola 100 na 150. Hizo ni bei za huko kabla ya kodi. Hadi chipu ifike Nairobi au Dar es Salaam, nauli, ushuru na faida ya muuzaji vimeshapanda juu yake. Hata hivyo uwiano haubadiliki sana. Mwenye ubao mama wa zamani anaweza kupata kasi ya kizazi kingine kwa kununua kitu kimoja tu, kinachoenea kiganjani.

Je, kinafaa kununuliwa? Kwa mwenye ubao wa AM4 unaokubali, mara nyingi ndiyo. Lakini neno "mara nyingi" lina masharti yake, na mtu anayeyapuuza hurudi dukani na boksi lililokwisha funguliwa.

Ahadi ya tundu moja

Wanaonunua Intel hawana desturi ya kutegemea ukarimu huu. Soketi ya LGA1151 iliyotoka mwaka 2015 ilipokea kizazi cha sita na cha saba cha Core. Oktoba 2017 kikaja kizazi cha nane, chenye viini sita kwenye Core i5 ya bei ya kati, na soketi yake kwa macho ilikuwa ileile. Chipu mpya iliingia kwenye ubao wa zamani bila kusukumwa, ila kompyuta haikuwaka: Intel ilikuwa imebadilisha mpangilio wa umeme kwenye pini na kudai mbao mpya. Tundu lilikuwa lilelile, mlango umebadilishwa kitasa.

AMD iliahidi jambo tofauti: AM4 ingehudumiwa hadi mwaka 2020. Ahadi hiyo ilitikiswa Mei 2020, kampuni ilipotangaza kwamba Zen 3 itakubalika kwenye mbao za X570 na B550 pekee. Sababu iliyotolewa ilikuwa ndogo kwa umbo: kichipu kinachohifadhi BIOS, ile programu ya kwanza inayoamka kompyuta ikiwashwa, hakina nafasi ya kutosha. Mbao nyingi za zamani zilikuwa na megabaiti 16 tu, na kila familia mpya ya prosesa ilidai sehemu yake. Walionunua mbao za B450 miezi michache kabla, wakiambiwa zina maisha marefu, walipiga kelele. Hazikupita wiki mbili AMD ikageuza kauli, na mbao za mfululizo wa 400 zikafunguliwa mlango.

Zile za mfululizo wa 300, yaani A320, B350 na X370 za mwaka 2017, zilisubiri zaidi. Mwanzoni mwa 2022 Intel ilikuwa sokoni na Core i5-12400F, prosesa ya viini sita ya bei ya chini iliyowabana AMD pale pale walipokuwa wamezoea kutamba. Machi mwaka huo AMD ikatangaza prosesa saba kwa mpigo kwa ajili ya AM4, nyingi zikiwa za bei nafuu, na papo hapo ikaruhusu mbao za 300 kupokea Ryzen 5000. Ubao ulionunuliwa kwa ajili ya 1600 sasa ungeweza kubeba 5600, au hata Ryzen 7 5800X3D yenye kashe ya megabaiti 96. Ushindani ulifanya kazi ambayo kelele za wateja zilikuwa zimeianza.

Hata hivyo ruhusa ya AMD si BIOS. Mtengenezaji wa ubao ndiye anayeandika toleo jipya, na si kila ubao umepata. Kabla ya kutoa senti moja, mnunuzi hutazama jina kamili lililochapishwa kwenye ubao wake, kisha orodha ya prosesa zinazokubaliwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Herufi moja ya mwisho au nambari ya toleo inaweza kutenganisha ubao unaokubali na usiokubali.

Majina ya ukoo mmoja, matumbo tofauti

Zile prosesa saba za mwaka 2022 ndizo zilizowapoteza wengi, kwa sababu majina yake yanapangika kama ngazi ilhali chipu zenyewe hazikutoka tumbo moja.

Ryzen 5 5600 imeundwa kwa vipande viwili vya silikoni. Kimoja, kilichochongwa na TSMC, kina viini vinane, na viwili vimezimwa. Kingine, cha GlobalFoundries, kinashughulikia RAM na njia za kuingilia na kutokea. Kuzima viini si udanganyifu. Kipande chenye kasoro sehemu moja kingetupwa, badala yake kinauzwa kwa bei ya chini, na mtumiaji hapungukiwi alichoahidiwa.

Ryzen 5 5500 ilitoka siku ileile kwa dola 159, nayo ina viini sita vya Zen 3. Ila hii ni kipande kimoja kilichosanifiwa kwa ajili ya laptopu, kikazimwa sehemu ya picha na kuvishwa pini za kompyuta ya mezani. Kashe yake ni megabaiti 16, nusu ya ile ya 5600, na njia zake za PCIe, barabara inayounganisha prosesa na kadi ya grafiki, ni za toleo la 3.0 badala ya 4.0. Kwenye ubao wa B350 au B450 tofauti hiyo ya pili haina maana, kwa sababu mbao hizo zenyewe zinaishia 3.0. Kwenye B550 inaweza kuuma, hasa kwa kadi kama Radeon RX 6500 XT, iliyotengenezwa na njia 4 tu na gigabaiti 4 za kumbukumbu. Kadi yenye njia chache hivyo huhitaji kila njia iwe pana.

Chini yake kuna Ryzen 5 4500, nayo ya siku ileile, nayo ya viini sita, kwa dola 129. Hii ni Zen 2, usanifu uliotangulia, na kashe yake ni megabaiti 8. Kwa mtu anayetoka kwenye 1600 kwa ajili ya gemu, faida ni finyu mno kulinganisha na usumbufu. Boksi limeandikwa mwaka 2022, ila ndani kuna mtoto wa 2019 aliyekatwa rafu.

Mchezo haukuishia hapo. Mwaka 2024 ikaingia madukani Ryzen 7 5700, na wengi wakadhani ni 5700X iliyopunguzwa kasi kidogo. Kumbe ni ndugu wa 5500: kipande cha laptopu, megabaiti 16 za kashe, PCIe 3.0. Herufi X, ambayo kwa kawaida huashiria kasi ya ziada tu, hapa inatenganisha chipu mbili tofauti kabisa.

Herufi nyingine ya kuangaliwa ni G. Ryzen za AM4 zisizo na G hazina picha ndani yake. Mtu aliyekuwa na Ryzen 3 2200G au 3200G, akiangalia kioo kilichochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, akinunua 5600 bila kadi ya grafiki atawasha kompyuta na kukutana na giza. Feni inazunguka, taa zinawaka, kioo hakionyeshi kitu. Huyo alihitaji 5600G, au 5600GT ya mwaka 2024, au kadi.

Intel nayo ina ngazi yake ya majina. Core i3-12100, 13100 na 14100 zilitoka mwaka baada ya mwaka, kizazi cha 12, 13 na 14. Zote zina viini 4, nyuzi 8 na megabaiti 12 za kashe, juu ya usanifu uleule. Kilichoongezeka ni kasi ya juu: gigahezi 4.3, kisha 4.5, kisha 4.7. Mwenye 12100 anayenunua 14100 amenunua nambari. Akitaka mabadiliko ya kweli kwenye soketi hiyo ya LGA1700, apande kwenda kwenye i5 yenye viini vingi zaidi.

Kamba hukatikia pabovu

Kompyuta nyingi zinazolalamikiwa kwamba prosesa imezeeka zina ugonjwa mwingine. Dirisha la kufuatilia kazi ndani ya Windows lifunguliwe wakati mashine inakokota, na liachwe liseme. Kama diski ngumu imesimama kwenye asilimia 100 na prosesa iko 20, dawa ni SSD, na hakuna Ryzen itakayosaidia. Kama RAM ya gigabaiti 8 imejaa kwa sababu ya kurasa 30 za intaneti zilizoachwa wazi, dawa ni RAM. Na kama RAM hiyo ni kipande kimoja tu, nusu ya barabara kati ya prosesa na kumbukumbu imefungwa. Kipande cha pili cha aina hiyohiyo huifungua. Ryzen nayo huumia na kasoro hii, na wauzaji wengi wa kompyuta zilizokwisha fungwa huweka kipande kimoja ili kupunguza bei.

Kwa wacheza gemu kipimo ni kadi ya grafiki. Ikiwa kadi inafanya kazi kwa asilimia 98 muda wote, imefika mwisho wake, na prosesa mpya itaisubiri tu kwa kasi zaidi. Ikiwa kadi inaelea kwenye 60 huku picha zikikwama-kwama katika miji yenye watu wengi ndani ya gemu, hapo prosesa ndiyo pabovu pa kamba. Gemu za mashindano zinazochezwa kwa mpangilio wa chini wa picha ili kupata kasi huonyesha tofauti ya 1600 na 5600 ndani ya dakika ya kwanza.

Kuna pia kundi lisilocheza gemu kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai prosesa iliyo kwenye orodha yake, na Ryzen 5 1600 haimo. Ryzen 5 5600 imo, na kile kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 kimo ndani ya prosesa yenyewe, kinasubiri kuwashwa kwenye BIOS. Kwa mhasibu mwenye ubao wa B350 wa mwaka 2017, kitinda mimba huyu ni tiketi ya kuendelea kupata masasisho bila kununua mashine nyingine.

Kinyume chake kinaonekana kwenye kompyuta za mezani zilizotoka maofisini Ulaya, ambazo jijini Nairobi huitwa ex-UK na zinajaza maduka mengi ya Afrika Mashariki. Dell OptiPlex 7050 yenye Core i3 ya kizazi cha saba inapokea Core i7-7700, chipu kubwa kuliko zote za kawaida kwenye ubao ule. Viini vitapanda kutoka viwili hadi vinne na kasi itaonekana. Lakini i7-7700 haimo kwenye orodha ya Windows 11, kama isivyokuwamo i3 iliyotolewa. Mwenye mashine ameongeza kasi na kubaki nje ya mlango uleule. Kwa fedha hiyo ni afadhali kuulizia bei ya OptiPlex 7060, yenye kizazi cha nane, na kuiuza ile ya zamani ikiwa nzima.

Ubao mama wenyewe pia una neno. Mbao za A320 za bei ya chini mara nyingi zina mfumo dhaifu wa kugawa umeme, usio hata na kipoza joto juu yake. Prosesa ya wati 65 haitausumbua. Ile ya wati 105 itaufanya uchemke, kisha prosesa ipunguzwe kasi ili kujiokoa, na mnunuzi alipe zaidi apate kilekile.

Njia mbadala ni kuanza upya kwa soketi ya AM5, iliyotoka Septemba 2022. Huko kuna usanifu mpya zaidi na nafasi ya kubadilisha tena baadaye, lakini ubao lazima uwe mpya na RAM lazima iwe DDR5. Kwa muda fulani hesabu hiyo ilianza kulainika, hadi mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu ilipopaa, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya RAM na SSD za watu wa kawaida. Aliyekuwa na gigabaiti 16 au 32 za DDR4 ndani ya kasha lake alijikuta amekalia mali, na prosesa inayoweza kuendelea kuitumia ikapata thamani mpya. Anayejenga kompyuta kutoka sifuri, asiye na ubao wala RAM, hana urithi huo wa kulinda, na kwake AM4 ni soketi iliyokwisha zaa.

Dakika arobaini

Siku ya kubadilisha, kazi ya kwanza hufanywa prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake. Toleo jipya la BIOS linapakuliwa, linawekwa kwenye flashi, na ubao unasasishwa. Anayeitoa 1600 kwanza akitumaini kwamba BIOS ya 2017 itaitambua 5600 ameufunga mlango na kuacha ufunguo ndani. Na kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya usasishaji ubao unaweza kufa moja kwa moja, mafundi wa mitaa inayokatiwa umeme mara kwa mara huichomeka mashine kwenye UPS kwanza.

Kisha kipoza joto. Chini yake kuna pesti ya kijivu ya kupitisha joto, na baada ya miaka saba imekauka ikawa gundi. Soketi ya AM4 huishika prosesa kwa kubana pini zake, bila kifuniko cha chuma juu. Fundi mwenye pupa akifungua skrubu nne na kuvuta juu kwa nguvu, kipoza joto kinatoka na prosesa imening'inia chini yake, imeng'olewa na mkono wa soketi ukiwa umefungwa. Ndipo pini zinapopinda. Mzoefu huiwasha kompyuta dakika kumi ipate joto, akaizima, akachomoa waya wa umeme, akafungua skrubu, kisha akakizungusha kipoza joto kidogo kushoto na kulia kama anayefungua kifuniko cha mtungi, mpaka pesti iachie. Pini ikipinda bado si msiba: ncha ya kalamu ya risasi ya kubonyeza, iliyotolewa risasi, inaingia juu ya pini moja na kuinyoosha taratibu.

Pesti ya zamani inafutwa kwa spiriti. Kipembetatu cha dhahabu kinalinganishwa na alama ya soketi, na 5600 inaachiwa idondoke yenyewe, bila kusukumwa, kisha mkono unashushwa. Punje ya pesti mpya, kipoza joto juu, waya wa feni mahali pake.

Mashine inawashwa. Kwa nusu dakika au zaidi kioo kinabaki cheusi, ubao ukiipima RAM upya, na huo ndio muda ambao mwenye kompyuta husogea karibu na kuuliza kama kuna kitu kimeharibika. Kisha yanajitokeza maandishi meupe: prosesa mpya imeonekana, hifadhi ya TPM haikubaliani nayo, ibonyezwe Y kuifuta au N kuiacha. Fundi anauliza kama diski ilifungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, kwa sababu ikiwa ndivyo na namba ya kuifungua haijaandikwa popote, Y itazifungia faili zote ndani. Haikufungwa. Anabonyeza Y, na ile 1600, bado na doa la kijivu pembeni, anaiweka ndani ya boksi la 5600, ikisubiri ubao mwingine wa AM4 usio na prosesa.